Wanuri Kahiu amepoteza makali, ama tumemsoma vibaya?

Kuna watu hapa Nairobi wanasema Wanuri Kahiu, dairekta wetu wa muvi, aliisha makali siku alienda kutengenezea Netflix Look Both Ways, 2022, ile stori ya msichana wa Texas anapima mimba halafu maisha yake yanagawanyika mara mbili, upande mmoja ana mtoto na mwingine hana. Wanaiweka kando ya From a Whisper, muvi yake ndefu ya kwanza, iliyojengwa juu ya bomu la ubalozi wa Marekani la tarehe 7 Agosti 1998, zaidi ya watu 200 walikufa hapa town, halafu wanauliza kama kweli huyu ni dairekta mmoja. Hilo swali nalielewa. From a Whisper ni majonzi matupu, ilibeba tuzo za AMAA, zile za filamu za Afrika, 2009 ikiwemo ya dairekta bora, na mtu aliyezoea Wanuri huyo lazima aone ile ya Netflix ni nyepesi.

Wanaomtetea nao wanasema hajapotea popote, amekuwa akisema waziwazi kwamba si lazima kila muvi ya Mwafrika iwe vita, njaa na ugonjwa, na sisi pia tuna haki ya kuonekana tukicheka na tukipendana. Hiyo ndio anaita AfroBubbleGum.

Mi naona pande zote mbili zinaruka Pumzi, muvi yake nyingine, na jibu liko hapo. Ni fupi, dakika ishirini hivi, dunia imekauka baada ya vita vya maji, watu wanaishi ndani kama wafungwa, mkojo na jasho vinasafishwa vinywewe tena, hata ndoto zinazimwa na vidonge. Asha anapata udongo wenye unyevu, anakatazwa kutoka, anatoka. Ile sehemu anaumwagilia mmea maji yake ya mwisho halafu anaukinga jua na mwili wake mwenyewe, hapo ndio unaona kitu ambacho Wanuri hajawahi kuacha: msichana ameshapangiwa maisha na anakataa.

Sasa chukua Rafiki ya 2018, muvi ya kwanza ya Kenya kuchaguliwa tamasha la filamu la Cannes, stori ya wasichana wawili wanaopendana, Kena na Ziki. Ni Asha yule yule, saa hii anaitwa Kena, na gereza ni esteti, kanisa, kibanda ambapo umbea haulali, na wazee wawili wanaotafuta kura, babake Kena na babake Ziki. Rangi ndio zimelipuka. Nywele za Ziki, kanga, kuta, ile gari mbovu iliyotupwa ambayo hao wasichana wameigeuza kwao, kila kitu kinang'aa, na hizo si mapambo, ni hoja. Bodi ya filamu ilipoipiga marufuku, Wanuri alieleza kwamba walitaka mwisho ubadilishwe kwa sababu ulikuwa na matumaini kupita kiasi. Yani huzuni ingepita! Kwa hivyo mtu asiniambie furaha ndio njia rahisi, hapa kwetu hiyo furaha ndio ilimpeleka kortini, na korti ikampa siku 7 tu za kuonyesha, watu wakajaza kumbi.

Kwa Look Both Ways msichana bado anachagua, kwa hivyo maudhui hayajabadilika sana, ila mi nalia na mahali. Kwa Rafiki, ukitoa Nairobi stori inakufa, kila mtu anayepita nyuma ya Kena ana macho na mdomo. Kwa ile ya Netflix Austin na Los Angeles ni mandhari tu, nyumba safi, mwanga mzuri, na uamuzi wa yule msichana haumgharimu kitu mbele ya majirani. Hapo wakosoaji wako sawa, hata kama sababu wanayotoa siyo.

Lakini wale wanaomwambia arudi nyumbani pia wajibu hili: muvi ikishashutiwa hapa, itaonyeshwa wapi? Pumzi yenyewe ilishutiwa Afrika Kusini, Rafiki ilizunguka dunia nzima na ikapata wiki moja Kenya.