Siku jina langu liliporukwa

Mwezi wa kumi na mbili huku Kilimanjaro unajitangaza wenyewe. Magari yaliyotoka Dar yanabanana kwenye vinjia vya migombani, nyumba zilizofungwa mwaka mzima zinafunguliwa madirisha, na Jumapili inayofuata Krismasi kanisa linafurika hadi watu wanakaa nje kwenye viti vya plastiki. Ndiyo sababu harambee zetu kubwa huwekwa siku hizo. Watoto wa nyumbani wamepanda, na hawakupanda mikono mitupu.

Harambee ya mwaka juzi ilikuwa ya paa la kanisa. Usharika wetu wa Kilutheri uko juu ya Moshi mjini, ukishaiacha Kiborloni na kuanza kupanda mlima. Mimi nina duka la vifaa vya ujenzi, kwa hiyo nilitoa nilichokuwa nacho: mabati 20, geji 28. Niliyapakia kwenye kirikuu Alhamisi jioni, nikayapeleka mwenyewe, nikayapakua mwenyewe, mzee wa kanisa akaandika kwenye daftari lake. Kisha nikaisubiri Jumapili.

Nilikuwa naisubiri kweli. Nilivaa suti ambayo huwa naivaa kwenye harusi tu.

Baada ya ibada tukatoka nje kwenye mnada wa sadaka za mazao, kama kawaida yetu: mikungu ya ndizi, maparachichi, trei za mayai, jogoo mwekundu aliyefungwa miguu kwa kamba ya mgomba. Yule jogoo alianzia elfu ishirini. Kaka mmoja wa Dar akamfikisha laki mbili, akapaza sauti, "Arudi mezani!", maana yake amemnunua na amemrudisha auzwe tena. Vigelegele. Sina ubaya na mnada. Ninaupenda tangu utoto, na bibi aliyeleta mayai sita hupata kuona mayai yake yakigeuka saruji. Sherehe ya namna hiyo Mungu anaifurahia, ndivyo ninavyoamini.

Halafu ikasomwa orodha. Fulani, laki tano, makofi. Familia ya fulani, milioni moja, hebu simameni tuwaone, makofi na tarumbeta. Nikajiweka sawa kwenye kiti. Nilishaona karatasi imefika kwenye vifaa: mchanga lori moja, misumari, mbao, rangi. Mzee wa kanisa akageuza ukurasa, akaomba tusimame kwa sala ya kufunga.

Jina langu lilirukwa.

Masikio yalipata moto. Nilisema Amina kwa mdomo, moyoni nilikuwa nahesabu bei ya bati moja mara ishirini. Nyumbani ndizi-nyama hazikushuka. Wiki tatu sikwenda jumuiya. Nilimwambia mke wangu kwamba nimedharauliwa, na kwamba safari nyingine watanitafuta hawatanipata. Alikuwa anachambua mchele. Akaniuliza bila kuinua macho, "Kwani mabati hayakufika?"

"Yamefika."

"Basi?"

Nilikosa jibu. Tangu siku ile nimelizungusha swali hilo kichwani mara nyingi, na ninachokiandika leo kimetoka humo. Naamini mtu hajui sadaka yake alimpa nani mpaka siku atakapokosa kutajwa. Ukitajwa huwezi kujua, kwa sababu Mungu amepata na wewe umepata, na kila mmoja anaonekana ameridhika. Ukirukwa ndipo hesabu inafunguka. Mungu alikuwa amepata mabati yote 20, hakupungukiwa hata msumari. Aliyepungukiwa ni mimi. Kwa hiyo sadaka ile nilikuwa nimejipa mimi mwenyewe.

Tangu Shule ya Jumapili nimeyasikia maneno ya Yesu katika Mathayo sura ya 6, kwamba wanaotoa ili watukuzwe na watu "wamekwisha kupata thawabu yao." Nilikuwa nayachukua kama karipio tu. Baadaye nilijifunza kwamba neno la Kigiriki lililotafsiriwa hapo lilikuwa likiandikwa kwenye stakabadhi za zama zile, kuonyesha kwamba deni limelipwa lote. Mimi ni mtu wa duka, stakabadhi naandika kila siku, na hilo lilinichoma. Maana Yesu hasemi kwamba mwenye kupiga panda, yaani tarumbeta, mbele yake hatalipwa. Atalipwa, tena taslimu, palepale, kwa makofi. Akishalipwa hana tena anachodai. Nilikuwa nimekasirika kwa sababu stakabadhi yangu haikuandikwa siku ile, kumbe huenda ndiyo pekee niliyoacha wazi.

Kuna watakaoniambia kwamba Yesu huyohuyo, sura moja nyuma, alisema nuru yetu iangaze mbele ya watu. Ni kweli, na watu wengi huishia hapo wanapoutaja mstari huo. Usomeni mpaka mwisho: "wapate kuyaona matendo yenu mema, wamtukuze Baba yenu aliye mbinguni." Kinachoonwa ni matendo. Paa linaonekana, hata mpita njia analiona. Mtu asiyenijua kabisa akikaa chini yake asinyeshewe na kumshukuru Mungu, nuru imeangaza tayari. Jina langu halikuwahi kuhitajika katika shughuli hiyo, ila mimi ndiye niliyekuwa nalihitaji.

Wiki ya nne ya hasira yangu mke wangu alinituma nipeleke sukari kwa mama mmoja mjane anayeishi jirani na kanisa. Nilimkuta uani anapiga pasi. Pasi ya mkaa, ile nzito ya chuma, kwa sababu anasema ya umeme inamdanganya joto. Juu ya meza kulikuwa na kitambaa cheupe kirefu, nikakitambua: ni cha altare. Kumbe ni yeye anayevifua. Anavifua tangu mimi nikiwa mwanafunzi wa Kipaimara, na sasa nina mtoto aliyemaliza Kipaimara. Miaka yote hiyo nimekuwa nikipiga magoti mbele ya kitambaa hicho kupokea Chakula cha Bwana bila kujiuliza hata mara moja kwamba kinarudije kuwa cheupe.

Nilimwamkia, akaitikia, "Marahaba mwanangu, kaa pale, usinikanyagie wanga." Nikakaa nikamwangalia. Doa la divai alikuwa ameshalitoa kwa limao na chumvi, kitambaa kikalala juani juu ya nyasi siku nzima. Sasa alikuwa anakinyunyizia maji yenye wanga wa muhogo kwa vidole. Kila kabla ya kuishusha pasi aliigeuza pembeni, akapuliza majivu yaende upande wa migomba, akaijaribu kwanza kwenye kitambaa kibovu alichokifunga mkononi. Kipande cha urefu wa mkono kilimchukua muda niliotumia mimi kunywa chai kikombe kizima.

Nikamuuliza kama amewahi kutajwa kanisani kwa kazi hii. Akaisimamisha pasi.

"Kutajwa nifanyeje?"

"Watu wajue, mama."

"Jumapili nikiona kimekaa vizuri nasema aika Ruwa, basi. Nikianza kutazama nani ananitazama, nitakiunguza."

Akaendelea na kazi yake. Nilimuaga nikashuka polepole, na nakiri kwamba nililia njiani, pale kwenye mfereji.

Aika Ruwa, kwa Kichaga ni asante Mungu. Wazee wetu walikuwa wanawapa watoto wao maneno hayo yawe majina: Aikaruwa, Aikaeli, na wale waliochanganya na Kiswahili wakaita Elisante. Mzazi aliyepata mtoto alimbebesha shukrani hiyo maisha yake yote, hata anayemwita mtoto kumtuma chumvi alikuwa anamshukuru Mungu. Leo sisi tunapeleka majina yetu kwenye jiwe la msingi. Sijui ni lini tuligeuza, lakini tumegeuza.

Sasa niseme jambo ambalo baadhi ya wazee wa kanisa hawatalipenda, na ninawaheshimu. Orodha zetu za majina na kiasi zinatuharibu. Zinamharibu anayesomwa wa kwanza, na zinamuumiza yule aliyetoa elfu mbili akiwa na elfu tatu. Hoja ya kuzitetea naijua: fedha isiposomwa, watu watasema imeliwa. Hoja hiyo ni nzito, kwa sababu uwazi nao ni wa Mungu. Lakini tayari tuna dawa mkononi. Kila msharika ana bahasha ya ahadi, na bahasha ina namba. Bandikeni namba na kiasi kwenye ubao wa matangazo, mpeni kila mtu stakabadhi yake, someni jumla kanisani, tupige makofi na matarumbeta kwa ajili ya jumla hiyo. Kila mmoja ataiona namba yake na kujua kwamba chake kimefika. Mwizi hatapata pa kujificha, na mwenye kiburi hatapata pa kusimama.

Hili halihusu harambee peke yake. Siku hizi mtu hapeleki mche wa sabuni kwenye kituo cha watoto yatima bila simu kutangulia mbele. Watoto wanapangwa mstari, wanashikishwa mifuko ya unga, wanaambiwa watabasamu. Jioni picha iko mtandaoni na chini yake imeandikwa "Utukufu kwa Bwana." Nawasihi sana ndugu zangu tuache. Mtoto yule atakuwa mtu mzima, na picha ya njaa yake itakuwa bado ipo, ikiwa na jina lako juu yake. Ukitaka kumpa Bwana utukufu, mpe unga, kisha ondoka.

Na mabango ya mikutano ya injili yanayoning'inia barabarani, Moshi mpaka Arusha: uso wa mhubiri ni mkubwa kuliko mlango wa duka langu, na jina la Yesu mara nyingi ulitafute pembeni, karibu na namba za simu. Paulo na Barnaba walipokuwa Listra, watu walipotaka kuwatolea dhabihu na kuwaita miungu, walirarua nguo zao, wakakimbilia katikati ya umati wakipiga kelele kuwazuia. Hawakungoja wapigwe picha kwanza.

Simaanishi kwamba tunyamaze. Yule mkoma mmoja kati ya kumi alirudi akimtukuza Mungu kwa sauti kuu, na Yesu akauliza wale tisa wako wapi. Ushuhuda ni deni. Mtu aliyepona, aliyezaa baada ya miaka mingi, aliyefaulu mtihani, asimame aseme, na tushangilie pamoja naye.

Ninaimba sauti ya tatu kwenye kwaya, na kuna jambo moja la historia yetu ninalolipenda mno. Ulutheri wa huku ulitoka Leipzig, Ujerumani: wamisionari wa huko walifika Machame mwaka 1893. Leipzig hiyohiyo ndiko Johann Sebastian Bach alikoongoza muziki wa kanisa tangu 1723 hadi alipofariki mwaka 1750. Mwanzoni mwa kurasa za nyimbo zake nyingi za ibada aliandika JJ, kifupi cha Jesu Juva, Yesu nisaidie, na mwishoni SDG, herufi za maneno ya Kilatini Soli Deo Gloria: utukufu kwa Mungu peke yake. Kazi yote ilikuwa katikati ya ombi na shukrani.

Na mwaka 1889, miaka minne kabla ya wamisionari hao, Hans Meyer, mchapishaji wa vitabu wa Leipzig hiyohiyo, alifika kileleni Kibo na kukiita kilele hicho kwa jina la mfalme wake, Kaiser Wilhelm. Mfalme huyo aliacha kiti mwaka 1918. Nchi ilipopata uhuru, tarehe 9 Desemba 1961, kilele kikawa Uhuru. Sisi huku chini tunasema Kibo tu, kama walivyosema waliokuwepo kabla Meyer hajafika. Nikifungua duka asubuhi mawingu hayajapanda, nauona mlima wote mweupe, na simkumbuki Kaiser hata kidogo.

Mzee wa kanisa alikuja dukani mwezi wa pili kuniomba radhi. Ukurasa ulikuwa umegandamana na mwingine, basi. Alitaka jina langu lisomwe Jumapili ile. Nilimwomba asilisome, na sitajifanya kwamba ilikuwa rahisi. Nilitaka lisomwe. Tulikunywa soda, nikampa mfuko wa misumari ya kofia, akaondoka.

Paa likaezekwa kabla ya masika. Dari bado, kwa hiyo ukiinua macho unaona bati tupu na kenchi. Jumapili moja ya mwezi wa nne mvua ilishuka katikati ya mahubiri, ile ya huku kwetu, hata mchungaji akawa anafungua mdomo hasikiki. Akafunga Biblia, akatuashiria tuimbe. Nikiwa kwenye benchi la kwaya nilitazama juu, nikajaribu kuyatafuta mabati yangu 20. Nilianzia upande wa mlango, nikahesabu safu ya kwanza, ya pili. Yote yanafanana. Mwalimu wa kwaya akanigusa bega kwamba sauti ya tatu imebaki nyuma.