Mkate Mtamu wa London

Kosa lilianza na kamusi. Desemba, siku yangu ya pili kwa mjomba London, nikakuta neno sweetmeats kwenye kitabu chakavu sebuleni. Nikadhani nyama ya sukari. Kamusi ikaniumbua: hakuna nyama humo. Ni vitamutamu vya kukirimu wageni, lozi zilizovikwa sukari, matunda yaliyopikwa kwa sukari, ukoo mmoja na visheti na kashata zetu. Kumbe zamani meat ilikuwa chakula chochote kile. Nikatembea na elimu hiyo kama mtu aliyepewa ujumbe wa nyumba kumi.

Jumamosi mjomba akanipeleka mgahawani. Kwenye menyu nikaona sweetbreads.

“Agiza unachokijua,” mjomba akasema.

“Hiki nakijua, mjomba. Hawa wana sweetmeats, vitamutamu. Hizi ndizo za ngano, jamaa wa mkate wa sinia.”

Akanitazama kama mtu anayemwona kuku akijipeleka jikoni mwenyewe. Hakusema neno. Nikaagiza, na chai ya maziwa juu. Mhudumu akauliza mara mbili kama kweli nataka na chai. Nikamhurumia, kijana hajui hata vya kwao.

Sahani ikaja na vipande vitatu vya kahawia, vinang'aa siagi, vimejikunjakunja kama maandazi yaliyokandwa na mtu mwenye hasira. Nikachukua kimoja kwa vidole, nikachovya kwenye chai. Vijiduara vya mafuta vikaelea juu. Nikauma. Ganda likavunjika vizuri, lakini ndani! Laini, inateleza, kama ubongo wa mbuzi.

“Mkate wao wanautia chumvi,” nikasema, nimejikaza.

“Na kitunguu saumu,” mjomba akajibu. “Mpwa wangu, hiyo ni tezi ya ndama. Ya hapa.” Akajishika chini ya koo. “Siku nyingine wanakupa kongosho.”

Nikatazama chai yangu. Chai nayo ikanitazama.

Mhudumu akapita kuuliza kama mambo ni mazuri. Mjomba akamwambia mgeni wake anaomba sukari.

Tuliporudi, mke wa mjomba alikuwa ameniwekea vitu viwili vya moto, mince pies. Mince naijua, ni nyama ya kusaga. Nikakataa katakata, nikasema kwa leo nyama imetosha. Mjomba akavila vyote viwili taratibu, mbele yangu, zabibu kavu zikimdondoka kidevuni.