Herufi 行 na barabara zetu mbili

Madarasa mengi ya Kichina huanza na orodha: herufi upande huu, sauti katikati, maana upande ule. Mimi nilikaririshwa kwamba 行 ni xíng (isome "shing'", kwa ng' ya ng'ombe, sauti ikipanda), maana yake kwenda. Nilipofika Guangzhou nikamuuliza dada mmoja wa dukani, yínxíng iko wapi? Hakunielewa. Nikamwandikia 银行 nyuma ya risiti. "Aa, yínháng!" Akachukua kalamu, akaandika háng juu ya 行, kisha akanionyesha benki iliyokuwa ng'ambo ya pili.

Tangu siku ile nina ugomvi na orodha zile.

Kwenye mifupa ya ramli ya enzi za Shang, ukoo wa wafalme wa China ya kale, zaidi ya miaka 3,000 iliyopita, 行 ilichorwa kama njia panda. Njiani watu hupita, ndiyo xíng: mpita njia ni 行人, baiskeli ni 自行车, chombo kiendacho chenyewe. Na jambo linalokwenda ni jambo linalowezekana. Ukikubaliwa bei sokoni utaambiwa xíng, sawa, ukikataliwa, bùxíng (不行).

Háng ni safu. Kutoka safu likawa jina la kazi ya watu wa fani moja, kisha nyumba ya biashara. 银 ni fedha, yale madini, nasi pia pesa tunaziita fedha. Basi 银行 ni nyumba ya fedha. Wenzetu wanaofuata nguo Guangzhou wanalijua soko la 十三行, Shísānháng, "nyumba kumi na tatu". Jina hilo ni la wafanyabiashara wa Kichina waliokuwa na haki ya pekee ya kuuziana na Wazungu pale bandarini, mpaka Mkataba wa Nanjing wa 1842, kati ya China na Uingereza, ulipoiondoa.

Mswahili hana sababu ya kuiogopa herufi hii. Barabára tunapita, kazi ikifanywa barábara imefanywa sawasawa. Maandishi ni yale yale, mkazo tu ndio umehama, na maana zinafanana na zile mbili za xíng: kupita njiani, na sawa! Nani alikaririshwa hilo kwa orodha? Mtoto husikia "vuka barabara", husikia "funga mlango barabara", akajua kabla hata hajafika shuleni.

Kwa hiyo nawaomba walimu wetu wa Kichina: tupeni neno zima tangu siku ya kwanza. Msitupe 行 peke yake, tupeni 银行 na 不行, na mtuache tuyaseme kwa sauti. Najua mtihani unataka herufi zihesabiwe. Lakini mwanafunzi aliyehesabu herufi mia tano, kila moja kwa sauti moja, atasimama mbele ya benki asijue kuiulizia.

Risiti ile nimeibandika kwenye daftari, ukurasa wa 行. Wino umeanza kufifia, ila ile háng ya yule dada bado inasomeka.