Foleni ya stika ya gari

Jimbo la Georgia lina ukorofi wake: siku yako ya kuzaliwa ndiyo siku ya mwisho ya kulipia stika ya namba ya gari. Wenzako wanakata keki, wewe unakata risiti. Wiki iliyopita nilisimama foleni dakika 40, nikinung'unika kwa Kiswahili ili nisieleweke, mpaka mzee aliyekuwa mbele yangu, mzaliwa wa Arkansas, akageuka: "Sisi kwetu tulimwangusha gavana kwa ajili ya hiki kibandiko."

Nikadhani ananitania. Kumbe gavana mwenyewe ni Bill Clinton. Alichaguliwa 1978 akiwa na miaka 32, akapandisha ada ya kusajili magari apate pesa za barabara, na mwaka 1980 watu wa Arkansas wakamwambia aende nyumbani akapumzike. (Kulikuwa na mengine, likiwemo zogo la wakimbizi wa Kuba waliowekwa kwenye kambi ya jeshi ya Fort Chaffee, lakini mzee hakutaka kusikia habari za Wakuba. Kwake ilikuwa stika tu.) Mwaka 1982 Clinton akatokea kwenye televisheni, akakiri alikosea, akaomba arudishwe. Wakamrudisha. Miaka kumi baadaye nchi nzima ikampa urais.

"Tulimfunza adabu sisi," mzee akasema, "halafu tukawaazima wenzetu."

Sasa najua yatakayonipata kwenye kundi la ukoo, kwetu Kenya, nikiyaandika haya. Huyo ameanza! Amekula baga mbili, amesahau mihogo. Haya, semeni. Mimi sijasema Marekani ni peponi. Huku ukiingia hospitali na mafua unatoka na deni. Nasema jambo moja. Huku gavana akiutaka urais, wapo watu wa kuulizwa: nyinyi mliishi naye vipi?

Chukueni Jimmy Carter, mkulima wa njugu wa Plains, hapa hapa Georgia. Alikuwa gavana kuanzia 1971 hadi 1975, muhula mmoja tu, maana sheria ya jimbo enzi hizo haikumruhusu kuunganisha miwili. Kampeni yake ya 1970 haikuwa safi, alizifukuzia kura za wabaguzi wa rangi na akazipata. Lakini siku ya kuapishwa akawatazama usoni akawaambia wakati wa ubaguzi umekwisha. Akazikunja idara na mashirika ya jimbo yapatayo 300 yakabaki 22. Picha ya Martin Luther King akaitundika ndani ya jengo la serikali. Alipotangaza kwamba anautaka urais, Marekani yote iliuliza, "Jimmy nani?"

Jibu lililetwa na majirani. Januari 1976, watu wa Georgia, waliokuja kuitwa Kikosi cha Njugu, walipanda ndege kwa nauli zao wakaenda New Hampshire kwenye theluji. Wakabisha hodi kwa watu wasiowajua: huyu mtu ametuongoza, tunamfahamu, tumekuja kumsemea.

Hapo ndipo wivu unaponishika. Hebu fikirini basi limejaa watu wa kaunti yetu, kila mmoja amejilipia nauli, bila fulana na bila pesa ya chai, linaelekea Kisumu, Meru na Garissa kumsemea gavana. Nimecheka peke yangu kwenye gari mpaka jirani wa taa nyekundu akaniangalia. Tungewaambia nini hao watu wa Garissa? Habari za ambulansi iliyo juu ya mawe?

Katika watu 45 waliowahi kuwa marais wa Marekani, 17 walikuwa magavana wa majimbo kwanza. Kati ya 1977 na 2009, miaka 28 kwa 32 nchi iliongozwa na waliokuwa magavana: Carter, Reagan, Clinton, Bush mtoto. Sisi tuna kaunti 47 na magavana tangu 2013, na mlango wa Ikulu bado unawajua wale wale wa bungeni na baraza la mawaziri. Gavana akimaliza mihula yake miwili, njia moja inayompendeza ni Seneti, ambayo kazi yake mojawapo ni kukagua pesa za kaunti. Jana unaitwa ujieleze, leo wewe ndiye unayeuliza! Amason Kingi, miaka tisa gavana wa Kilifi, alikwenda moja kwa moja kwenye kiti cha Spika wa Seneti mwaka 2022. Joho aliyekuwa gavana wa Mombasa na Oparanya wa Kakamega wakaitwa kwenye baraza la mawaziri 2024. Ni haki yao, wala siwaonei kijicho. Ila ngazi inaishia hapo.

Na msiniambie hatuna watu. Makueni, chini ya gavana Kivutha Kibwana, ilikuwa na bima ya afya ya kaunti na kiwanda cha kusindika maembe, na wajumbe wa kaunti nyingine walikuwa wakimiminika huko kujifunza. Mimi mwenyewe nilikuwa nikiwatambia Waganda kazini kwa Makueni, na si kwetu! Mwaka 2022 Kibwana aligombea useneta, nyumbani kwake, na akashindwa. Wimbi la chama, kura ya suti, chama kimoja juu mpaka chini. Mnataka nisikasirike?

Ami yangu atasema siasa zetu ni za kabila, na kwamba hata Carter alibebwa na watu wa Kusini, kwao. Kweli alibebwa. Atasema pia ugavana si dawa: Andrew Johnson alitoka ugavana wa Tennessee, na mwaka 1868 Baraza la Wawakilishi likamfungulia mashtaka ya kumwondoa, Bush alitoka Texas akaipeleka nchi Iraki. Nakubali, Ami. Tena nakuongezea: tangu 2009 hakuna gavana wa zamani aliyerudi pale, na mwaka 2016 Jeb Bush, Christie na Kasich, magavana wote, walibwagwa na Trump, mtu ambaye hakuwahi kuchaguliwa hata kuwa diwani. Kumbe na wao wameacha kuuliza. Nigeria ndio wanaoendelea kutoa marais kutoka majimboni, Yar'Adua wa Katsina, Jonathan wa Bayelsa, sasa Tinubu wa Lagos, na mnaweza kuwauliza Wanigeria wenyewe wanajionaje.

Lakini kuna jibu moja linaloniumiza, na binamu yangu amekwisha kulitoa: "Wewe gavana wetu humpigii kura, kelele za nini?" Anasema kweli. Tulio nje tunaruhusiwa kumchagua rais tu. Pesa za dawa za bibi natuma kila mwezi kwa sababu zahanati ya kaunti haina dawa, na huyo gavana simgusi. Wa Georgia namlipia stika, naye simgusi, maana nina karatasi za kukaa, uraia bado.

Mzee wa Arkansas aliniuliza sisi magavana wetu tunawafukuza kwa kosa gani. Namba yangu ikaitwa, dirisha la saba.