Mnatuhubiria mtama, mnatulipia mahindi

Kila Juni, Bunge likijadili bajeti hapa Dodoma, hakosekani mtu wa kuuliza ruzuku za kilimo zitakoma lini. Si swali la kipuuzi. Msimu wa 2022/23 Serikali ilitenga Sh150 bilioni kwa mbolea peke yake, na hizo ni kodi za bodaboda wa Area C na mama lishe wa Majengo. Wana haki ya kuhoji.

Mimi nasema isifutwe. Bei ya mbolea ilipopaa, kwanza kwa Uviko kisha kwa vita ya Ukraine, mfuko wa kilo 50 wa DAP ulivuka laki moja. Ruzuku ikaushusha hadi elfu sabini. Bila hiyo wakulima wa Songwe na Ruvuma wangelima kidogo, na sisi huku tunaokimbiwa na mvua ndio tungelia sokoni mapema. Mgogo ambaye hajawahi kugusa mfuko wa urea naye anaila ruzuku hiyo, ndani ya debe la mahindi analonunua mwezi wa kwanza ghala likiwa tupu. Wanaotaka kufuta hawalitaji hili.

Ugomvi wangu uko kwingine. Bahi, Chamwino na Kongwa tunapata mvua ya milimita 500 hadi 600 kwa mwaka, msimu mmoja tu, Desemba hadi Aprili, tena katikati yake jua huweza kukaa wiki tatu bila huruma. Ndiyo maana tangu enzi za mkoloni viongozi wanaoletwa huku wimbo wao ni mmoja: limeni mtama na uwele. Wengine wamefikia kutoa amri. Halafu ruzuku ya mbegu ilipoanza msimu wa 2024/25, ikaanza na mahindi! Mkulima anasikia hotuba, lakini anatazama pia fedha zinaelekea wapi. Akipanda mahindi yakakauka yakiwa kwenye mbelewele, tunamwita mbishi.

Na anayetii akalima uwele anapambana na kwelea kwelea. Asiyewahi kuamia ndege hawezi kuelewa: unaamka kabla ya jua, unazunguka shamba na kombeo hadi jioni, na watoto wanakosa shule kwa sababu shamba moja halilindwi na mtu mmoja. Kundi likitua na ndege ya kunyunyizia dawa ikachelewa siku chache, msimu umekwisha. Kazi ya kuua kwelea hakuna anayeiita ruzuku, ila kwa Kanda ya Kati hakuna fedha ya Serikali inayomfaa mkulima kuliko hiyo. Ningeanza kuongeza hapo. Kisha mbegu ya mtama, aina ya Macia na nyinginezo zinazofanyiwa kazi pale kituo cha utafiti cha Hombolo, ifike kijijini Novemba na siyo Januari. Soko nalo: mahindi yana soko kubwa la Kibaigwa, mtama unangoja dalali.

Kwamba fedha nyingi zinaweza kumwagwa bila tija, Kongwa wanajua kuliko sisi wote. Mwaka 1947 Waingereza walikuja na matrekta kulima karanga kwa ajili ya mafuta ya kwao. Udongo ulipokauka ukawa mgumu, majembe yakavunjika, mvua ikagoma. Mwaka 1951 mradi ukafungwa, pauni milioni 36 hivi zikiwa zimeteketea. Mvua ya Kongwa haijabadilika kwa sababu bajeti sasa inasomwa kwa Kiswahili.

Wizi nao upo, sibishi. Wakati wa vocha za pembejeo, hati za kupatia mbolea na mbegu za ruzuku, kati ya 2008 na 2014, wapo waliosaini vocha wakaondoka na noti chache badala ya mbolea, mjanja akabaki na tofauti. Usajili wa sasa wa kutumia simu umeziba sehemu ya tundu hilo. Lililobaki linatafutiwa dawa kwa ukaguzi, na gharama ya ukaguzi huo isichukuliwe kwenye fungu la mkulima.

Kwa hiyo wabunge wa Dodoma na Singida, kabla ya kusema ndiyo, ombeni mchanganuo wa ruzuku kwa kila mkoa na kwa kila zao. Usomwe pale pale ukumbini, tusikie mtama umepewa shilingi ngapi.