Lori la rimoti likigoma kwenye kona ya polepole, kosa ni la mbele au la nyuma?

Karibu kila njia ya mbio za malori ya rimoti ina kona moja ya kuumbua watu: ile inayokunja nyuzi 180 mwishoni mwa mnyoofu, ambako gari hubaki na mwendo wa mtu anayetembea. Lori lililokuwa likipendeza kwenye kona za kasi, hapa unalizungushia usukani hadi mwisho na pua bado inakwenda zake nje, kana kwamba haijaambiwa kitu.

Mafundi wa mchezo huu wana kambi mbili. Wa kwanza wanasema mbele hakuna mshiko, basi uongezwe. Wa pili wanasema mbele inaonewa bure. Nyuma ndiyo inayosukuma, basi ilegezwe. Nitazungumzia zaidi lori la kipimo cha 1/10, yaani sehemu moja ya kumi ya lori halisi, linalosukumwa na magurudumu ya nyuma peke yake, maana ndilo linalosumbua zaidi.

Lakini kwanza hakikisha magurudumu yanakunja kweli. Yakiwa hewani hukunja vizuri, ukiliweka gari chini kwa uzito wake yanaishia njiani. Sababu huwa ni sevo dhaifu, yaani kile kimota kinachokunja magurudumu, au ile springi ya kuikinga sevo imelegea mno. Nilishabadilisha springi za shokapu mara tatu kabla ya kugundua kwamba rimoti yangu mwenyewe ilikuwa imepunguziwa kiwango cha usukani. Aibu hiyo sijaisahau.

Kambi ya mbele ina hoja nzito. Lori lenye mota nyuma ya ekseli limebeba sehemu kubwa ya uzito wake nyuma, na ukiongeza mafuta, yaani ukiiongezea mota nguvu, uzito unazidi kurudi huko. Tairi za mbele zinabaki zinapapasa tu. Ndiyo maana wanasogeza betri mbele, wanabandika kipande kidogo cha shaba chini ya pua, wanaweka springi laini zaidi mbele, na kuyaelekeza magurudumu ya mbele nje kwa nyuzi moja hivi ili gari liingie kona haraka.

Wanagusa pia fimbo za usukani, ili gurudumu la ndani likunje zaidi kuliko la nje. Wazo hilo ni la kale: Georg Lankensperger alilibuni Munich mwaka 1817 kwa ajili ya magari ya farasi, na Rudolph Ackermann akalisajili Uingereza mwaka 1818, ndiyo maana jina lililobaki ni la Ackermann. Linafaa hasa kwenye mwendo mdogo, kwa sababu hapo kila gurudumu hufuata duara lake karibu sawasawa, bila kuteleza sana.

Gharama yake inaonekana kwenye mnyoofu wenye matuta. Pua iliyozoeshwa kung'ata hung'ata hata pasipotakiwa: gari linayumba, na kwenye kona ya kasi mkia unachomoka. Njia ikiwa na mshiko mkubwa, lori lenye tairi ndefu namna hii hubiringika ubavu.

Kambi ya nyuma huanza na hesabu, nami hapo ndipo ninapoanza kushawishika. Chukua lori lenye upana wa sentimita 30 kati ya tairi na tairi, likizunguka nusu duara ambalo katikati ya gari iko mita 1 kutoka kitovu. Gurudumu la nje litasafiri kama mita 3.6, la ndani mita 2.7. La nje limekwenda theluthi moja zaidi. Ukilipeleka lori hilohilo kwenye kona ya mita 10, tofauti inashuka hadi asilimia 3 tu. Kwa hiyo difu, yaani gia zinazoyaruhusu magurudumu mawili ya ekseli moja yazunguke kwa mwendo tofauti, ikikazwa au ikitiwa mafuta mazito ya kulainisha, haisikiki kwenye kona pana, ila kwenye kona finyu inayalazimisha magurudumu ya nyuma yaende sawa, nayo yanalisukuma gari mbele moja kwa moja.

Dawa yao ni mafuta mepesi ya difu, na kupunguza jinsi magurudumu ya nyuma yanavyoelekea ndani, tuseme kutoka nyuzi 3 hadi 2.5. Nao wanalipa wakati wa kutoka kwenye kona: tairi ya ndani, iliyopungukiwa uzito, inazunguka bure na kurusha vumbi huku wenzako wakiondoka. Kwenye udongo uliolegea hasara hiyo inaweza kuzidi faida yote.

Mimi naegemea nyuma, ila baada ya jaribio moja. Kunja usukani wote, zunguka polepole kwa mafuta yaleyale, kisha tazama alama ya duara. Halafu ongeza mafuta kidogo. Duara likiwa kubwa tangu mwanzo, kambi ya mbele imeshinda. Likiwa dogo na kupanuka pale tu unapoongeza mafuta, achana na pua, fungua difu.

Kuna pia breki ndogo inayojishika yenyewe unapoachia mafuta. Inaleta uzito mbele bila kugusa bisibisi, lakini kwenye lori la aina hii inashika magurudumu ya nyuma peke yake. Ukiizidisha gari linazunguka kama pia. Malori yanayosukumwa na magurudumu yote manne yana mambo yake: difu ya mbele yenye mafuta mepesi husaidia kuingia, yenye mafuta mazito huvuta pua wakati wa kutoka.

Na kama njia ina kona moja tu ya namna hiyo dhidi ya tano za kasi, mimi sigusi kitu. Naachia mafuta mapema, naingia kwa upana, na kuliacha lori linung'unike kwa sekunde moja.