The African Queen, ikitazamwa kutoka Kigoma

Juzi niliirudia The African Queen, filamu ya John Huston ya mwaka 1951 kuhusu watu wawili wanaoshuka mto kwa mashua kwenda kuilipua meli ya Wajerumani. Nilikuwa nyumbani Mwanga, hapa Kigoma, umeme ukikatika mara mbili. Pembeni alikaa baba mdogo, baharia mstaafu. Waigizaji wakuu, Humphrey Bogart na Katharine Hepburn, walipokaribia kunyongwa kwenye meli hiyo ya Wajerumani, akacheka: "Steringi hafi." Na hawakufa. Meli hiyo, Louisa, ikagonga kimashua chao chenye mabomu, ikazama.

Kicheko kikaisha. Louisa inasemwa ilitokana na Graf von Götzen, yaani Liemba, meli yetu ya Ziwa Tanganyika. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa, ikaletwa ndani ya masanduku yapata 5,000, ikapanda treni hadi Kigoma na kushushwa majini mwaka 1915. Hakuna aliyeilipua. Julai 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe wakikimbia, mafundi wakiwa wameshazipaka injini grisi nene ili siku moja waifufue. Walioiibua ni Waingereza, 1924, na 1927 ikaanza safari kwa jina jipya. "Kwenye filamu wameiua meli iliyombeba bibi yako na dagaa wake," baba mdogo akasema.

Namwelewa, ila kesi hiyo naona haina nguvu. Huston alichukua riwaya ya C. S. Forester ya 1935, hakuja kuandika historia ya bandari. Hata mto wa kwenye filamu unaitwa Ulanga, na Ulanga tunaoujua uko Morogoro, maji yake yanakwenda Rufiji! Mtunzi azamishe meli anayotaka.

Kinachonikera kiko mwanzoni kabisa. Kanisani wanakijiji wanaimba wimbo wasioujua, inasikika kelele tu. Nje Bogart anatupa kipisi chake, wanaume wanakirukia na kukigombania. Halafu Wajerumani wanachoma kijiji, watu wanaswagwa, basi. Ukiacha askari wa ngomeni wanaofyatua risasi kwa mbali, mto mzima hauna mvuvi, hauna mama anayefua, hauna mtoto wa kupunga mkono. Nani amewahi kuona mto wa namna hiyo huku kwetu?

Wapenzi wa filamu za zamani watasema ndivyo zama zilivyokuwa, na kwamba hii ni hadithi ya watu wawili chomboni. Hilo la pili nalikubali. Ule upweke ndio unaowafanya wapendane mbele ya macho yetu, mlevi na mlokole. Pia wakati wengine wakiridhika na mapazia ya studio, Huston alibeba kamera nzito za rangi hadi Uganda na Kongo. Lakini hapo hapo utetezi wa zama unanishinda. Aliyekaa chumbani London ningemsamehe. Huyu aliwaona watu wa mitoni kila asubuhi, akageuza kamera.

Na bado nitaitazama tena, kwa sababu ya ruba. Bogart anaikokota mashua kwa kamba, maji kifuani, anapanda akiwa amejaa ruba mgongoni, anatetemeka kama mwenye homa. Hepburn anawatoa kwa chumvi. Kisha Bogart anayatazama maji, na hakuna njia nyingine. Matukio mengi ya majini yalipigwa kwenye bwawa la studio Uingereza, kwa hofu ya maradhi. Nilimwambia baba mdogo hivyo, hakujali.

"Hebu rudisha nyuma," akasema. "Kaingia tena?"